Jikoni Kwetu: resete mupya, pesa ni ile ile

Karibuni tena jikoni. Mwezi huu barua na ujumbe wa sauti vimekuwa mingi kuliko kawaida, na karibu wote wanauliza kitu kimoja kwa njia mbalimbali: mtu ameona resete kwa telefone, imemupendeza, lakini pesa ya soko ni ile ya jana. Nimechagua barua nne na lawama moja. Bei sitaandika juu mnajua wenyewe, unatoka nyumbani na bei ya jana kichwani unafika soko ya Virunga hapa Goma unakuta ingine, ila vipimo nimeandika kwa gobele (kikombe) na kijiko, vile tunavyopima majumbani.

Batoto bamechoka maharagi

*Jambo Mama. Mie niko na batoto batano, tunaishi Katoyi. Kila siku maharagi na bugali, maharagi na bugali, sasa mukubwa ameanza kusema mama leo sikuli. Dada yangu ananitumia mavideo ya chakula, ya krem, ya fromaje ya kukuna, ya nyama ya kusaga, naangalia mate inajaa kinywani kisha nafunga telefone. Juzi nikajaribu moja, nikakula pesa ya siku mbili nzima, batoto bakaonja kijiko moja moja bakaacha. Nililia kabisa. Nifanye nini nijaribu bintu bipya bila kuharibu pesa? (Mama wa Katoyi)*

Mama wa Katoyi, pole. Pesa ya siku mbili kubakia ndani ya sahani inauma, na kilichokuuma zaidi najua si pesa, ni kwamba ulisimama kwa babula (jiko la mkaa) masaa yote ile ukiwaza watoto watafurahi. Hukupika vibaya. Shida ni kwamba ulibadilisha kila kitu siku moja, mtoto akaangalia sahani hakuona hata kitu kimoja anachokijua, na mtoto akikosa kitu anachokijua anaogopa. Hata mtu mzima anaogopa, ila yeye anasema hana njaa.

Mimi niko na sheria moja tu na nitairudilia katika majibu yote ya leo: usibadilishe chakula, badilisha kitu kimoja ndani ya chakula. Bugali ibakie, maharagi yabakie, gusa kile kinachoingia ndani ya maharagi. Na usigusie sufuria nzima. Maharagi yakiisha kuiva, toa miiko miwili uweke ndani ya kasroli ndogo, jaribu hapo, muonje wote. Ikikataa umepoteza kitunguu kimoja na kijiko cha mafuta, watu wanakula ya sufuria kubwa kama kawaida, hakuna anayelala njaa. Ikikubali, kesho unafanya sufuria nzima bila kutetemeka.

Sasa nini cha kujaribu. Anza na poaro na seleri, ile inashuka kutoka Kibumba asubuhi ingali na udongo kwenye mizizi. Nunua poaro moja nono na majani machache ya seleri, si fungu nzima. Watu wengi wanatupa ile sehemu ya kijani ya poaro, na mimi nasema hiyo ndiyo umelipia, ioshe vizuri ndani kwa ndani juu mchanga unajificha katikati ya majani, kata nyembamba kabisa. Weka mafuta vijiko viwili, poaro iingie wakati mafuta hayajawaka sana, na uiache ilainike polepole mpaka ianze kunukia tamu kama kitunguu lakini nyororo zaidi, hapo ndipo unatia karoti moja iliyokunwa na seleri. Kisha chukua maharagi yale ya miiko miwili, ponda nusu yake na mgongo wa mwiko, mwaga yote na mchuzi wake. Ile iliyopondwa inafanya mchuzi unakuwa mzito kama umetia krem, na krem haimo. Mtoto wako anayesema sikuli, mpe hiyo bila kumwambia chochote.

Siku ya pili ama ya tatu, mabaki. Maharagi yaliyolala bila mchuzi, gobele mbili, ponda, changanya na birayi (viazi) mbili zilizochemshwa na kumenywa, kitunguu kidogo, chumvi, pilipili kama mnakula. Fanya viduara vidogo, bana na mikono iliyoloweshwa maji, pitisha juu ya unga kidogo, kaanga kwa mafuta ya kufunika tu chini ya kasroli. Usiviguse! Hapo ndipo watu wanaharibu, wanageuza geuza kila dakika na vinavunjika. Ngoja mpaka ukisukuma kasroli kidogo viduara viteleze vyenyewe, maana yake chini kumeshika rangi na kumekauka, ndipo unageuza mara moja tu. Nje vinalia kwa jino, ndani laini. Kama kuna pesa kidogo imebaki, kipande cha fromaje ya Masisi kikubwa kama kidole gumba kikikunwa ndani kinatosha viduara kumi, juu ile fromaje yetu ina chumvi na harufu ya kutosha, hauhitaji ile ya kwenye video.

Neno moja juu ya makala (mkaa), kwa sababu mama wengi wanahesabu pesa ya nyanya na kusahau makala, wakati makala ndiyo inakula bajeti ya maharagi. Goma tuko juu, karibu metre 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huku juu maji yanachemka kwenye digrii kama 95 tu, hayafiki 100 kama pale baharini. Yanachemka, unaona mapovu, lakini hayana ule moto wote, kwa hiyo maharagi yanakawia. Si maharagi yako mabaya. Loweka usiku kucha, mwaga yale maji asubuhi, tia mapya. Nyanya na ndimu zisiingie kabla maharagi hayajalainika, ukali wake unakaza ganda.

Halafu kuna kikapu. Mama yangu mdogo alinionyesha na tangu siku ile sijaacha: unachemsha maharagi yaliyolowekwa, yachemke kwa nguvu kabisa nusu saa, unafunika vizuri, unaingiza sufuria ndani ya kikapu kikubwa kilichojaa vitambaa vizito ama majani makavu ya migomba, unafunga juu na blangeti, unaacha masaa matatu manne. Yanaendelea kuiva yenyewe bila kaa moja. Ukitoa unarudisha kwa moto yachemke tena kidogo na kuungwa. Ile nusu saa ya kuchemka kwa nguvu usiipunguze, maharagi mabichi, zaidi mekundu, yana kitu ndani kinachoumiza tumbo na kutapisha, na kinakufa kwa kuchemka kweli, si kwa uvuguvugu wa kikapu.

Na kamulia ndimu juu ya sahani wakati wa kula, si kwa utamu tu. Vitamini C inasaidia mwili kuchukua ile madini ya chuma iliyo ndani ya maharagi. Chai ingoje saa moja ama mbili baada ya kula, chai inafanya kinyume.

Sombe ya dakika kumi

*Mama, niko bibi mupya kwa nyumba, tuko Mugunga. Nimepata resete ya spinachi kwa telefone, inasema kata, kaanga na kitunguu saumu dakika kumi, weka yai juu. Spinachi siipate, ni bei, nikaona sombe iko kwa shamba bure, nikakata vizuri nikakaanga vilevile. Mama mukwe akaona akamwaga yote mbele ya batu. Nimesikia haya hata sasa. Alikuwa na haki? (Bibi mupya)*

Binti yangu, kwa kumwaga mbele ya watu, hapana, angekuita pembeni, na nasikia haya yako hata mimi nikisoma. Lakini kwa kukataza watu wasile alikuwa na haki kabisa kabisa, na naomba wote wanaosoma wasimame hapa kidogo.

Sombe, yaani majani ya muhogo, si spinachi. Ndani ya muhogo, mizizi na majani, kuna kitu ambacho jani likivunjika kinageuka sumu, sianidi, na muhogo mchungu inakuwa nayo mingi kuliko ule mtamu. Mababu hawakutwanga sombe kwa sababu walipenda kelele ya kinu. Kutwanga kunavunja jani mpaka ndani, ile sumu inatoka, kisha kuchemsha muda mrefu kunaitoa inapanda na mvuke. Ndiyo maana mwanzo wa kuchemsha sombe unaacha sufuria wazi, hufuniki, na ndiyo maana inakaa kwa moto saa nzima na zaidi. Kukatakata na kisu na kukaanga dakika kumi kunaacha nyingi mule ndani. Kwa hiyo sombe haina njia ya mkato. Twanga, chemsha wazi, kisha ndipo ongeza poaro, pilipili ya kijani, mawese, karanga, chochote.

Lakini resete yako ilikuwa nzuri, ulichokosea ni jani tu. Chukua lengalenga (mchicha). Ni rahisi sokoni, na kama una kiwanja hata cha mawe meusi inajiotea yenyewe pembeni. Ioshe mara tatu, chagua majani na vile vishina laini vya juu, ichemshe dakika tano, mwaga yale maji, kamua. Sasa kaanga na kitunguu saumu vile telefone ilisema, na yai juu, funika mpaka yai lishike. Majani ya maboga yanafanya vilevile, ila menya kwanza zile nyuzi za nje ya shina.

Na kama utatumia mawese, usiyachome mpaka yapoteze wekundu. Najua wengi tulifundishwa hivyo, mpaka moshi utoke na mafuta yageuke meupe. Ule wekundu ndio mwili unageuza vitamini A, na macho ya watoto yanaihitaji, ukiuchoma umenunua mafuta ya rangi na kuitupa hewani. Yapashe tu mpaka yaanze kusikika kidogo chini ya kitunguu, inatosha.

Mupikie mama mukwe hiyo lengalenga. Mwambie umeuliza, na umeambiwa yeye alikuwa na haki juu ya sombe. Atakula.

Sufuria moja, mtu moja

*Mie ni selibateri, nasoma, niko na chumba Himbi, babula moja ndogo, sufuria moja, frigo sina. Wali na sadini, wali na sadini. Kitu gani ingine ya sufuria moja? (Mwanafunzi)*

Kaka, nitakujibu mbio juu najua una masomo. Usinunue mkebe wa sadini, nunua sambaza kavu, zile samaki ndogo za ziwa Kivu, gobele moja inakupikia mara tatu. Zikaange kavu ndani ya sufuria bila mafuta, dakika mbili, mpaka zinuke, toa weka pembeni. Katika sufuria ile ile: mafuta kijiko kimoja na nusu, kitunguu, nyanya mbili zilizokunwa, karoti moja vipande vidogo, petipwa (njegere) mbichi konzi moja. Ikishikana tia mchele gobele moja uliooshwa, zungusha mpaka kila punje ing'ae, kisha maji gobele mbili na kidogo, chumvi. Yakibaki maji kidogo juu rudisha sambaza, funika, toa makala nyingi uache mbili tatu. Robo saa usifungue.

Zile makala ulizotoa zitie ndani ya kopo na ufunike, zinazimika na kesho zinawaka tena. Na babula isilale ndani ya chumba mlango umefungwa, hata kama mvua inapiga vipi, hata kama baridi inakusumbua. Makala inatoa hewa isiyo na harufu inayoua mtu usingizini. Naandika hii kila mara na nitaendelea kuandika.

Huna frigo, kwa hiyo pika ya siku moja. Mchele uliolala kwa joto la chumba unaumiza tumbo hata ukiupasha.

Bwana anakataa vitu vya kigeni

*Mama habari. Nilisikia soya inafaa kama nyama, nikataka kujaribu ile fromaje ya soya. Bwana yangu anasema yeye hali vitu vya kigeni, babu zake hawakukula hiyo, na kama nyama hakuna basi atakula sambaza na bugali ya bakoko. Nimukubalishe namna gani? Na inapikwaje sawasawa? (Mama wa Majengo)*

Mama, hii barua imenifurahisha kwa sababu bwana yako amechagua mfano ambao unamjibu wenyewe. Mwambie kwa heshima, si mbele ya wageni: sambaza haikuwa samaki ya ziwa Kivu. Ilitolewa ziwa Tanganyika ikamwagwa huku mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa mikono ya watu, ili ziwa hili liwe na samaki ndogo za kuvua kwa wingi. Babu ya babu yake hakuijua. Leo zile pirogi zinazoondoka jioni na taa zake, usiku ukiangalia ziwa unadhani mji mwingine uko majini, zote ni kwa sababu ya kitu kigeni kilichokubaliwa. Na bugali? Muhogo, mahindi, maharagi, birayi, vyote asili yake ni bara la Amerika, vilivuka bahari vikaja. Kila kimoja kuna mama mmoja alikipika mara ya kwanza na kuna bwana mmoja aliangalia sahani akakunja uso. Bakoko walijaribu, ndiyo maana sisi tunakula.

Sasa soya. Kwa gramu 100 za soya kavu kuna karibu gramu 36 za protini, maharagi kavu yana kama 22, kwa hiyo ile neno kwamba inafaa kama nyama si uongo wa wauzaji. Ila soya mbichi haifai kabisa tumboni, lazima iive.

Chukua gobele mbili za soya, chagua mawe, loweka usiku. Asubuhi isugue kati ya mikono maganda yaelee, yamwage. Saga, kama kuna mashine ya jirani sawa, kama hakuna twanga kwa kinu mpaka iwe uji mzito bila punje. Changanya na maji litre tatu, chuja ndani ya kitambaa safi, kamua kwa nguvu, kamua tena, mikono iume. Kinachobaki ndani ya kitambaa usitupe! Nitarudi kwake. Maziwa yaweke kwa moto na simama hapo hapo, usiende kuongea na jirani, maana soya inapanda ghafla kama ina hasira na ikimwagika juu ya babula imezima makala na nusu ya chakula imeenda. Ikipanda toa kaa moja, koroga, ichemke polepole dakika ishirini. Ishushe. Kamua ndimu tatu ama nne ndani ya gobele yenye maji nusu, mimina kidogo kidogo huku unakoroga taratibu, mara moja moja. Kisha acha kukoroga. Utaona maziwa yanakatika, mawingu meupe yanajikusanya na maji yanabaki ya manjano, yanaonekana mpaka chini. Kama maji bado ni meupe ongeza ndimu kidogo. Mwaga yote ndani ya kitambaa, funga, weka jiwe zito juu yake saa moja.

Fungua, kata vipande. Na sasa sheria yangu ile: usimpe bwana kipande cheupe peke yake kwenye sahani, hapo atakuwa na haki ya kukataa, maana fromaje ya soya peke yake haina ladha, inangoja uipe. Ilaze nusu saa ndani ya chumvi, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili, kaanga mpaka pande zote ziwe za kahawia, kisha iingize ndani ya sosi yake ya kila siku, ile ile ya nyanya anayoijua, na bugali yake pembeni. Siku ya kwanza changanya na nyama kidogo, nusu kwa nusu. Siku nyingine punguza nyama. Usimdanganye akiuliza, mwambie ni soya, ila ngoja aulize.

Yale makapi ya kitambaani: changanya na yai moja, unga kidogo na kitunguu, fanya viduara kama vya Mama wa Katoyi huko juu, kaanga mpaka viive ndani. Gobele mbili za soya zimekupa sosi ya watu sita na kifungua kinywa cha kesho yake. Mwezi ujao niandikie bwana alisema nini, nataka kujua kweli.

Lawama niliyostahili

*Mama, mwezi uliopita uliandika sosi ya karanga tumwage unga wa karanga ndani ya maji yanayochemka. Nilifanya, ikawa mabuje mabuje kama mawe, chini ikaungua, keki ya mutoto pia ikaanguka siku ile ile, yaani siku yote iliharibika. Tuko Ndosho.*

Mama wa Ndosho, naomba radhi. Niliandika kwa haraka nikaruka hatua moja, na hiyo hatua ndiyo yote. Unga wa karanga kwanza unaukoroga ndani ya bakuli na maji baridi, gobele moja ya unga kwa gobele moja na nusu ya maji, mpaka uwe kama maziwa mazito, hakuna buje hata moja. Ndipo unamimina ndani ya sosi ya kitunguu na nyanya, moto mdogo, unakoroga mpaka chini ya sufuria, dakika ishirini, mpaka uone mafuta mekundu yanapanda juu pembeni. Hapo imeiva. Kama ulitupa karanga kwa sababu ya maneno yangu, hiyo ni pesa yako na naisikia.

Nyongeza: ukinunua karanga usichukue zile za bei ya chini zilizogeuka rangi ama zenye vumbi la kijani na uchungu. Ni ukungu, na sumu ya ule ukungu haitoki hata ukaange vipi, inakula ini polepole. Chagua moja moja, zilizojikunja tupa.

Na keki. Hukusema uliipika namna gani, lakini kama ulifuata resete ya telefone, huenda ni tena ule mwinuko wetu. Huku juu hewa ni nyepesi, levire (baking powder) inanyanyua keki mbio kabla unga haujashika, halafu katikati inaanguka. Punguza levire. Kwa unga wa ngano gobele mbili, mimi natia kijiko kidogo kimoja na nusu badala ya viwili, sukari nusu gobele, mafuta nusu gobele kasoro kidogo, mayai mawili, maziwa karibu gobele moja, chumvi ya kubana na vidole. Ukikosa yai moja, ndizi mbili zilizoiva mpaka nyeusi ziponde utie, na maziwa upunguze.

Oveni hakuna, sawa. Sufuria kubwa, ndani yake mchanga mkavu kina cha vidole viwili, ama kifuniko cha bati kilichopinduliwa, juu yake sufuria ndogo iliyopakwa mafuta na kunyunyiziwa unga. Usitumie yale mawe meusi yetu yenye vitundu, hata mtu akikuambia ni mazuri, yanaficha maji ndani na yakipata moto yanaweza kupasuka. Pasha sufuria kubwa kwanza dakika kumi. Keki ikiingia, makala chache chini na nyingi juu ya kifuniko, kifuniko cha chuma kisicho na plastiki. Dakika arobaini usifunue, hata mtoto akilia, ukifunua mapema inashuka. Kisha choma katikati na kijiti cha ufagio kilichooshwa, kikitoka kikavu toa keki, kikitoka na unga ongeza dakika kumi.

Ya mtoto ilianguka, ndiyo, lakini bado ni chakula: vunja vipande, vikaushe juu ya moto mdogo, asubuhi wavichovye ndani ya chai.